Mlevi Mwenye Uso wa Mzee Adan

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya sabini, msimamizi wa nyumba ya wageni ya zamani pale Isiolo alinionyesha picha sita ukutani. Waingereza walikuwa wameziacha. "Zitengeneze mpaka zionekane nzima," akasema. "Nzima kabisa."

Zilikuwa picha za dhihaka za karne ya kumi na tisa, za huko kwao. Mchoraji alichonga mistari kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akagandamiza karatasi juu yake. Zilionyesha sherehe za mtaani: walevi wanacheza, mbwa anakimbia na soseji za mwenye kibanda, hakimu kalala mtaroni. Zilikusudiwa kuchekesha. Mimi zilinitisha, maana umati wote ule ulikuwa umeachama na nyumba iko kimya.

Katika picha ya tano, mchwa walikuwa wamekula kichwa cha mlevi mmoja. Kuziba tundu kwa karatasi na gundi ya unga wa ngano nilijifundisha mwenyewe. Uso ndio ulinihangaisha. Nyumbani kwetu, mtaa wa Wabera, baba alituambia anayechora uso ataamriwa siku ya mwisho autie roho. Nilichora na kufuta wiki nzima, nikitaka mstari wangu usijulikane kati ya ile ya zamani. Nilipomaliza, ulikuwa uso wa Mzee Adan, mlinzi wetu. Sikukusudia.

Aliuona asubuhi akiniletea chai.

"Halima, huyu ni nani?"

"Ni mzungu tu, mzee."

"Mzungu ako na kovu yangu?" Akasogea karibu. "Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe. Nitoe hapo, mama. Hawa watu hawanyamazi."

Nilimwahidi. Sikumtoa. Msimamizi alikuwa amesema, "Hata aliyeichora hangejua," na nakiri sikuweza kuikwangua sifa hiyo. Mzee aliendelea kuniuliza, bila hasira, "Bado niko?" Kisha akaanza kupepesuka akitembea. Mtaani wakasema amejifunza kunywa uzeeni, msikitini wakamkwepa. Akaenda kwa mwanawe aliyeishi Sericho, na huko akafa.

Nilistaafu mapema, mwishoni mwa miaka ya themanini, macho yakiwa yamechoka. Siku ya mwisho niliishusha picha ya tano, wembe mkononi. Kioo kilikuwa kizima. Kadibodi ya nyuma haikuwa na tundu wala alama ya mchwa. Lakini pale penye uso palikuwa wazi, kama nilivyopakuta mwanzo, na walevi wawili wa kando walikuwa wamekumbatia hewa.

Msimamizi mpya aliniomba nipajaze kabla sijaondoka.

Nilimwambia sijui kuchora.