Vibati vya Kaseti ya Marwa

Bora niliseme mwenyewe. Mdogo wangu Marwa, fundi redio wa Sirari, alitengeneza gemu ya mashine ya zamani ya kuchezea kwenye televisheni, isiyouzwa tena. Ndani yake marehemu mama yetu anafukuza ng'ombe shambani. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya kaseti ya kuchomeka, akaniachia nimtunzie hapa Nyangoto.

Mimi nachenjua dhahabu. Nikiona njano, akili inahama. Nilikwangua vibati vya njano vya kaseti, vile vinavyopitisha umeme, nikachanganya unga wake na zebaki kama mchanga wa shimoni. Sikupata hata punje.

Jumapili Marwa akaja na Baba. Akachomeka kaseti kwenye mashine, kioo cha televisheni kikabaki cheusi. Akaichomoa, akaigeuza, akapitisha kidole palipokwanguliwa.

Baba akasogeza kiti karibu na televisheni.

"Mama yenu," akauliza, "anatokea saa ngapi?"