Stima ya Baba Ndani ya Waya

Nikiwa mdogo niliamini kwamba stima hutembea kwa miguu. Baba alifanya kazi Olkaria, kwenye mvuke unaotoka ardhini na kuzalisha umeme, na alirudi kwetu Molo mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote, kwa maneno ya mama, alikuja kwa waya. Stima ikipotea kisha ikarudi, mama aliitazama taa na kuilaumu, "Umechelewa." Nami usingizini niliiona stima ya baba ikipita Naivasha, Gilgil, Nakuru, ikipanda baridi ya Molo na mvuke bado umeganda kwenye koti lake.

Siku hizi ninafundisha fizikia katika shule moja kule Bahati, kazi ya kuharibu ndoto za watu. Elektroni za stima ya nyumbani hazisafiri. Hutetemeka papo hapo ndani ya waya, mbele kidogo, nyuma kidogo, umbali usioonekana kwa macho. Kinachotoka Olkaria ni msukumo tu. Hata kwenye tochi, ambako husonga upande mmoja, konokono anazipita.

Baba alipofariki, mama aliacha kuwasha taa. Alasiri moja nilimkuta anamenya viazi kwa mwanga wa koroboi, ukungu umejaa hadi jikoni, moshi unamkohoza. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Wacha hiyo! Yenye imebaki kwa waya ni ya babako. Nikiwasha itaisha."

Hasira ikanipanda, subira sikujaliwa. Halafu nikaogopa. Nikimwambia kwamba hakuna kitu baba alichowahi kututumia kwa waya ule, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nikinyamaza, moshi utammaliza kifua. Nikaketi, nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

"Mum, waya ya hii nyumba ni nani aliivuta?"

"Si ni babako. Akaanguka kutoka kwa dari, tukamcheka mpaka akakasirika."

"Sasa ndani ya hiyo waya kuna vitu vidogo sana, zinaitwa elektroni. Hazikutoka Olkaria. Zilikuja ndani ya waya yenyewe, hiyo siku alikuwa ameibeba kwa bega. Ukiwasha taa, zinatetemeka tu hapo hapo. Haziendi mahali."

"Na nikizima?"

"Hata ukizima hazilali. Zinarandaranda tu humo ndani."

Alimenya kiazi kizima. Ganda lilining'inia refu, kisha likakatika.

"Na haziishi?"

"Haziishi, Mum."

"Ni zile tu zenye alishika?"

"Ni hizo tu."

Nilisema kweli yote, na kwa mara ya kwanza maishani fizikia ilinitoa machozi. Mama alijipangusa mikono kwenye leso, akainuka polepole, akapuliza koroboi. Giza la ukungu likatufunika. Nikasikia kidole chake kikiitafuta swichi ukutani.

Taa ikawaka. Akaitazama.

"Umechelewa," akaiambia.