Herufi Nilizoziondoa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Shule yangu iliishia darasa la nane, na nikiharakisha, herufi zinapandana. Kwa hivyo naandika polepole.

Ninafanya kazi ya kuchapa katika duka dogo hapa Kaplong. Kazi nyingi ni programu za mazishi, zile karatasi za ratiba ya ibada na maisha ya marehemu. Kompyuta yetu ni ya zamani na inatumia Linux, ule mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Nilijifunza peke yangu. Sikuwa na wa kuuliza, na hata angekuwepo, ningeona haya.

Msimu wa mvua kompyuta ilikataa kuhifadhi kazi, ikasema nafasi imeisha. Nikafungua orodha ya vifurushi vya fonti, yale maumbo ya herufi. Vingi vilikuwa vya lugha za mbali: Kichina, Kihindi, Kithai. Nikajiambia, huku tunaandika Kipsigis, Kiswahili na Kiingereza, labda na Kijaluo kwa wale wa kiwanda cha chai. Nikaviondoa vyote. Nafasi ikapatikana. Nilifurahi, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia.

Wiki iliyofuata akaingia kogo mmoja, ndivyo tunavyoita mama mzee, viatu vyake vya gambuti vikiwa na udongo wa shambani. Alitoa ndani ya Biblia programu ya mazishi ya kijana wake, niliyoichapa mimi mwaka uliopita. Sasa mzee wake naye alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake.

"Andika ya baba yake kwa herufi hizi hizi," alisema. "Nitaziweka pamoja. Nataka zifanane."

Zilikuwa herufi za mviringo, kama za mtu aliyeandika kwa mkono bila haraka. Nikafungua faili ya zamani. Maneno yalikuwepo, lakini herufi zilikuwa nyingine. Kogo akainama mbele ya skrini.

"Mbona hizi zimesimama kama askari wa kaunti?"

Mwenye duka akacheka. "Huyu ameoa kompyuta, kogo. Leo wamekosana."

Nilishindwa kusema kwamba ni mimi niliyeziondoa. Nikasema tu, "Ngoja kidogo, kogo." Lakini mvua ilikuwa imeondoa netiweki, na bila netiweki sikuweza kurudisha kifurushi chochote. Alikaa kwenye benchi hadi saa kumi.

"Chapa tu hizo askari," akasema.

Nilipompa, alishika karatasi mbili kando kando, akazitazama. Ya kijana akairudisha ndani ya Biblia. Ya mzee akatoka nayo mkononi.

Tangu siku hiyo, kila netiweki iliporudi niliweka kifurushi kimoja, nikafungua faili, nikaangalia, nikakiondoa, nikaweka kingine. Faili ilinionyesha jina la fonti, lakini si kifurushi ilimotoka. Wiki ya tatu nikaweka cha Kithai, na herufi zikarudi na mviringo wao. Sikujua kwamba waliotengeneza herufi za Kithai waliweka na zetu humo ndani.

Nikachapa nakala moja ya mzee. Jumapili baada ya kanisa nikapanda hadi kwao, palipotajwa kwenye programu, nikipita katikati ya majani ya chai. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alikuwa akikama ng'ombe.

"Binti yake alimchukua, wako huko Mulot," alisema. "Wewe ni nani kwao?"

"Mimi ni wa kuchapa."

"Kuchapa nani?"

Nikaona haya, nikashuka bila hata kuomba namba ya simu.

Karatasi ninayo, nimeiweka ndani ya daftari isikunjike. Kama unayesoma unaishi upande wa Mulot, na unamjua kogo aliyezika kijana mwaka uliopita na mzee wake mwaka huu, niandikie kupitia hawa waliokuletea barua hii. Nitaileta mwenyewe. Hata kama humjui, niandikie tu. Nitafurahi kupata barua.