Nilishusha Mstari Mwekundu wa Bwawa

Mimi ndiye niliyemaliza maji ya bwawa letu la mlimani, juu ya Mbumbuni. Walio mbali bado wanalaumu jua. Jua lilifanya kazi yake tu. Hayo mengine ni mimi!

Bwawa lile lilijengwa na mwethya, majirani wakisaidiana bila malipo, wanawake wakibeba mawe kwa kichwa. Tulisimamisha nguzo nyeusi majini, ikachorwa mstari mwekundu. Maji yakishuka hadi hapo, hakuna kuogelea, hakuna ng'ombe. Ni ya kunywa tu mpaka mvua. Nikachaguliwa kuichunga kwa sababu nahesabu kila kitu mara mbili.

Lakini nilikuwa pia na mashua yangu ya mapipa. Jumapili baada ya kanisa, vijana walikuja hata kutoka Makindu kuogelea na kuzungushwa. Mtu akitaka mzunguko mmoja, namuuzia miwili. Nilijiona mkubwa, wacha tu!

Mwezi wa nane maji yakagusa mstari, yakaupita shibiri tatu nikiangalia tu, na wageni wa Jumapili nilikuwa nimeshawaahidi. Nikachukua brashi, nikaufunika kwa rangi nyeusi, nikachora mwingine chini yake. Shibiri mbili tu. Nilipima mara mbili, mjinga mimi! Ng'ombe wakaendelea kuletwa kunywa, vijana wakaendelea kuogelea.

Mwikali, mwenyekiti wa mwethya, akasimama ukingoni akaangalia sana.

"Wee Baba Mutua, huu mstari umeteremka?"

"Mama, mstari hauna miguu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kufika mwezi wa kumi, mashua ilikuwa imekaa kwa matope na mvua haijaonekana. Wanawake wakawa wanateremka hadi mtoni kuchimba mchanga, watafute maji. Ndipo Mwikali akaja na panga, akaikuna nguzo mbele ya kila mtu. Rangi nyekundu ikatokea.

"Sisi tulibeba mawe. Wewe ulibeba nini? Brashi!"

"Nitatoa mbuzi," nikasema. Hata hapo nilikuwa natafuta bei!

"Na huyo mbuzi atakunywa nini?"

Wakanifukuza kwa mwethya. Zamu yangu ya kuchimbiwa matuta shambani ilipofika, hakuja hata mmoja. Nikawachukia wote, nikasema ni wivu.

Lakini mke wangu hakushika brashi, jamani! Kule mtoni walimfanya awe wa mwisho kuchota, kila siku. Jioni moja akaweka mbele yangu nusu debe ya maji ya tope.

"Haya, hesabu. Tuko sita."

Wiki hiyo akachukua watoto, akarudi kwao Kwa Vonza. Mvua ilikuja, bwawa likajaa. Yeye hakuja.

Wewe uliyechaguliwa kuchunga maji ya watu, usiahidi mgeni hata tone. Na kama umeshachezea alama, kimbia ukaseme mwenyewe, leo, watu wakiwa bado na cha kunywa. Mimi nilingoja panga.