Laini Isiyokuwa Yangu

Nilikuwa nimeshachagua mahali friza itakapokaa. Ukumbini, upande wa ukuta usiopigwa na jua, nilikuwa nimeondoa sanduku la nguo la mama na kufagia mpaka pembeni. Kijijini kwetu, hapa kisiwani Pate, wavuvi huifuata barafu mpaka Lamu, na ikifika huku nusu yake imeshakuwa maji. Mimi ni mjane, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiishi kwa kuuza mahamri asubuhi na kushona magauni ya watoto. Nikasikia kuna kampuni inayouza friza za sola kwa mkopo, unailipa kidogo kidogo huku yenyewe inafanya kazi. Nikapeleka maombi kwa simu, na picha ya kitambulisho changu.

Jibu lilikuja siku ileile. Ombi langu limekataliwa. Sababu haikutajwa.

Nilidhani nimekosea kuandika. Nikapanda pikipiki mpaka bandarini Mtangawanda, nikavuka kwenda Lamu, nikaingia kwa wakala wa kampuni hiyo. Alikuwa binti mmoja mwenye sauti ya chini. Akaitazama kompyuta yake, akanitazama, akaitazama tena.

"Bi, jina lako liko CRB," akasema.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni, kama mtu anavyosikia habari za mafuriko ya nchi za mbali. Nilijua ni huko wanakoandikwa watu waliokopa wasilipe. Sikujua kwamba na mimi niko huko.

"Nimekopa nini?"

"Mikopo ya simu. Mahali pawili. Yote haikulipwa."

"Mwanangu, mimi sijakopa hata chumvi kwa jirani."

Akaigeuza kompyuta nione. Jina lilikuwa langu, la baba yangu na la babu yangu, yote matatu. Namba ya kitambulisho ilikuwa yangu. Lakini namba ya simu sikuijua kabisa.

Yule binti angeweza kuniambia nikalipe kwanza ndipo nirudi. Badala yake aliniketisha. Akanieleza kwamba huenda kuna mtu amesajili laini kwa kitambulisho changu, na kwamba nisilipe hata kidogo kabla sijaandika malalamiko, maana nikilipa kimyakimya ni kama nimekubali deni ni langu. Akanituma kwenye duka la huduma za simu nikaulize laini zote zilizo kwa jina langu.

Dukani nikaambiwa ninazo mbili.

"Nikufungie hii usiyoijua sasa hivi?" mhudumu akauliza.

Nikamwambia angoje kidogo. Nilitaka kwanza kujua ni nani. Nikatoka nje, nikasimama kivulini penye punda waliofungwa, nikaipiga ile namba.

Iliita kidogo tu, ikapokewa.

"Ee, dada!" ikasema sauti, kwa furaha. "Hujambo? U wapi?"

Alikuwa ndugu yangu. Ndugu yangu wa mama mmoja baba mmoja, anayenifuata mimi kuzaliwa, aliyeoa kisiwani Ndau na kuhamia huko. Namba yake niliyoizoea ilikuwa nyingine. Kwa hii ya pili hakuwahi kunipigia, lakini jina langu alikuwa amelihifadhi ndani yake.

"Dada? Mbona wanyamaa?"

Nikakata.

Nilikumbuka palepale. Mwaka uliotangulia nilimpa kitambulisho changu anichukulie kifurushi cha vitambaa kilichotumwa kutoka Mombasa. Alikaa nacho siku chache, akanirudishia pamoja na vitambaa vyangu, na mimi nikampikia wali wa nazi kwa kumshukuru. Nilisimama na wale punda nikaufikiria ule wali. Huenda mtu akaona ni jambo dogo, lakini ndilo lililonitoa machozi.

Jioni nilimsimulia mama. Alikuwa akichambua mchele, na mikono yake haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Nduuyo ni nguo yako," akasema. "Ukimvua, ni wewe utakayeonekana uchi."

"Mama, aliyevuliwa ni mimi."

"Siyui mambo ya simu. Naiyua sitara. Mwenye kumsitiri nduuye, Mungu humsitiri."

"Nitamsitiri kwa watu, mama. Sitamtangaza sokoni wala msikitini. Lakini siwezi kusema uongo kwamba mimi ndiye niliyekopa. Nikisema hivyo, jina langu halitatoka huko maisha."

Akauweka ungo chini. Nikadhani atalia. Kisha akasema, "Basi enenda kwake kwanza. Usimpeleke polisi hujamtazama mato."

Ndivyo nilivyofanya. Nilikwenda Ndau bila kumpigia simu. Wifi yangu alinipokea kwa vigelegele vya mzaha, akanitandikia mkeka, akanipa mtoto wao mdogo nimpakate. Niliona kwamba hajui lolote. Ndugu yangu alitoka uani akiwa na mikono iliyojaa mafuta ya injini, na aliponiona tu akajua. Alikaa chini bila kunawa.

"Ilikuwa mtoto huyu," akasema, akimwonyesha yule niliyempakata. "Wifi yako alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Ilibidi tukodi boti ya kasi ya kwenda hospitali ya Lamu."

"Kwa nini hukuniambia? Ningeuza cherehani."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Nilimwuliza na ile mikopo mingine je. Hakujitetea. Mingi, alisema, aliichukua kulipia ule wa kwanza, halafu mwingine kulipia huo, mpaka ukafika mahali hakuna anayemkopesha tena. Na mmoja, alikiri mwenyewe huku akitazama mkeka, alinunulia simu mpya, kwa sababu ya zamani ilikuwa imemchosha. Huo ndio ulioniuma zaidi. Wa hospitali ningeweza kuubeba moyoni.

"Ungekopa kwa jina lako!" nikasema, na sauti ilinipanda mpaka mtoto akashtuka. "Unalo jina. Baba alikupa jina kama alivyonipa mimi."

"Sina kitambulisho, dada."

Sikumwelewa. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto. Nikamwambia asinichezee.

"Sina. Sikupata kabisa. Wakati wenzangu wanakwenda kuandikishwa, mimi nilikuwa kule Kiwayu na upande wa kaskazini, nikivua kamba. Niliporudi nikatakiwa cheti cha kuzaliwa, nami sina. Nikaanza kukitafuta, nikachoka, nikaacha. Hata laini yangu ile unayoijua ni ya rafiki yangu."

Miaka yote hiyo sikujua. Nilimjua anapenda samaki gani na anaogopa nini, lakini sikujua kwamba ndugu yangu hawezi kufungua akaunti, hawezi kupokea kifurushi chake mwenyewe, na akisimamishwa njiani hana cha kutoa mfukoni. Sikumsamehe kwa hilo, nitasema kweli. Lakini hasira yangu ilipata mahali pa kukaa, haikuzurura tena mwili mzima.

Hatukujua kwamba wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na birika la chai mkononi.

"Kwa hiyo ile boti," akamwambia mumewe, "uliniambia ni msaada wa wavuvi wenzio."

Wifi akaiweka chai mbele yangu, akamchukua mtoto, akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele: "Kesho utafuatana na dada yako. Popote atakapokwenda. Ukikataa nitakwenda mimi, na nitawaeleza yote."

Kesho yake tulivuka pamoja kwenda Lamu. Kwenye kituo cha polisi afisa alikuwa mtu wa bara, mpole wa maneno, na alinisikiliza mpaka mwisho: laini iliyosajiliwa bila idhini yangu, mikopo nisiyoichukua.

"Pole, mama. Unamshuku nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Usiku mzima nilikuwa nimepanga jibu, maneno ya kweli yasiyomtaja mtu. Lakini nilipofungua mdomo sikupata hata moja.

"Ni mimi, afande," akasema ndugu yangu nyuma yangu. "Huyu ni dada yangu. Nilitumia kitambulisho chake. Hakujua."

Afisa aliweka kalamu chini. Alimtazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. "Hili ni kosa la jinai. Nikitaka nimweke ndani saa hii. Wewe unataka nini?"

"Nataka jina langu," nikasema. "Sitaki afungwe. Nataka iandikwe kwamba si mimi, na alipe aliyekopa."

Sijui kama angekuwa afisa mwingine mambo yangekwendaje. Huyu alimwambia ndugu yangu maneno ambayo sitayarudia, maana nilimwahidi mama sitara. Kisha akaandika maelezo ya wote wawili, ndugu yangu akatia sahihi, na mimi nikapewa nakala yenye muhuri. Akaniambia nisimwamini mtu na kitambulisho changu, hata mama yangu mzazi. Nikamwambia mama yangu hana haja nacho, hata simu huishika kinyume. Akacheka, na ndugu yangu karibu acheke, halafu akakumbuka hali yake.

Tukatoka hapo mpaka duka la simu, laini ikafungwa mbele yetu. Kwa msaada wa yule binti wa kampuni ya friza niliandika malalamiko kwa wakopeshaji wote wawili, nikaambatanisha ile nakala. Mmoja alijibu upesi kwamba ameyapokea na ataondoa jina langu. Wa pili alikuwa mgumu. Kila nikipiga simu napata mtu mpya, nami naanza kusimulia upya tangu vitambaa vya Mombasa. Yule binti alinifundisha kuandika kila mara nimesema na nani na ameahidi nini. Nilikuja kuwa mahiri. Nilijua kusema "malalamiko yangu hayajajibiwa" kwa sauti ya upole isiyoondoka simuni.

Ndugu yangu alilipa kwa samaki wake. Kila bamvu, siku za maji makubwa, alikuwa akimkabidhi mama fedha za deni, si mimi, kwa sababu mimi alikuwa hanisogelei. Wala mimi sikumwita. Akiwa ukumbini mimi hubaki jikoni. Mama alikuwa katikati yetu, akipeleka salamu ambazo hakuna kati yetu aliyezituma. "Dadayo akusalimu," nilimsikia siku moja akisema, nami sikuwa nimesalimu mtu.

Lakini nilikuwa nimempa sharti moja siku ile tulipotoka kituoni, nalo nilikusudia litimie. Nilimwambia atafute kitambulisho chake, na nitafuatana naye. Kwa hiyo asubuhi moja nilivaa buibui langu, nikamkuta barazani kwetu, na maneno ya kwanza niliyomwambia baada ya miezi yalikuwa, "Haya, twende kwa chifu."

Tulikwenda kwa chifu, na mama tukamchukua, na mkunga wa zamani aliyemzalisha tukampata akiwa bado hai, alhamdulillahi. Mama alitoa ushahidi kwa kirefu mno. Alieleza mvua ya siku hiyo, na kwamba mtoto alitoka na nywele nyingi, na kwamba baba yake alichinja mbuzi wa akika ambaye nyama yake ilikuwa ngumu. Chifu alimwacha aseme yote. Ndugu yangu alikaa akiinamisha kichwa akisikia habari za kuzaliwa kwake, na nilipomtazama niliona anatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu utotoni akisifiwa. Nami nikajikuta namwambia mama, "Si kweli, mama, nyama haikuwa ngumu, ulisema ilikuwa nyingi," ingawa siku hiyo nilikuwa mtoto mdogo nisiyejua lolote. Sote tulicheka. Kuanzia hapo tulikuwa tukizungumza tena, si kama zamani, lakini tulikuwa tukizungumza.

Cheti kilichukua muda, na kitambulisho kikachukua zaidi. Katikati ya kungoja huko, mkopeshaji wa pili aliandika kwamba deni limelipwa na taarifa imesahihishwa. Sikumwamini kwa maneno. Niliomba taarifa yangu mwenyewe, maana nilikuwa nimeshajifunza kwamba ni haki ya mtu kuiona, nikaisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa safi. Nikapeleka maombi ya friza tena, na safari hii yalikubaliwa.

Siku hizi wanawake wa mtaani huniletea simu zao mchana, kazi zikipungua, tutazame ni laini ngapi zilizo kwa majina yao. Wengi wana moja tu, nao huenda zao wamefurahi. Mmoja alikuta tatu. Alishika kichwa, akataka kumpigia mwanawe amtukane. Nikamwambia aketi kwanza, anywe maji, kisha nikamweleza aanzie wapi. Jumatatu tutavuka pamoja kwenda Lamu, na ndugu yangu amesema atatupeleka kwa boti yake.