Leso Niliyojifunga Shingoni

Aibu niliyoipata mimi hapa Malaba, heri niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtaongezewa chumvi.

Nilikuwa na vinundu kwenye tezi ya shingo vilivyofanya moyo ukimbie hata nikiwa nimekaa, na mikono ilitetemeka mpaka madereva wa malori wakaogopa kunipa karatasi zao za forodha nijaze. Daktari akasema atavitoa kwa upasuaji, lakini kwanza nimeze vidonge kila siku moyo utulie. Nikameza, mikono ikatulia, nikanenepa, basi wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikaviacha (si vinundu vinakatwa tu, nikajiambia, vidonge vya nini tena?).

Siku ilipofika, nimeshavaa gauni la hospitali, daktari akapima moyo, akaniangalia. "Mama, nikikukata leo unaweza kunifia mezani." Akanirudisha na vidonge vingine.

Sasa nirudi vipi, na wanajumuiya wa kanisa walikuwa wameniombea siku tisa? Nikajificha kwa binamu yangu Busia siku nne, halafu nikapanda bodaboda nimejifunga leso shingoni kwa ajili ya vumbi. Nikawakuta uani kwangu wanapika kuku. Walipoona leso wakaanza kuimba, na mimi, Mungu anisamehe, nikashika koo nikatikisa kichwa, kama mtu aliyekatazwa kuongea. Wakanipa uji eti nisitafune, kuku nikawa nanusa tu. Mwenyekiti wetu alimshukuru Mungu kwa mikono ya daktari mpaka akalia.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Funyula. Akapitisha mkono chini ya leso aniombee, na mkono ukasimama.

"Uvimbe uko palepale," akasema polepole. "Na moyo unakimbia. Dawa umekula?"

"Sijakula, mama."

Ile sauti yangu ilisikika mpaka jikoni.

"Dada yangu nilimzika na shingo kama hii," mama akasema. "Wewe unataka nikuzike na leso?"

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kuku akabaki kwenye sufuria.

Mama hakurudi Funyula. Kila asubuhi alinisimamia na kikombe cha maji mpaka nimeze, kisha nifungue mdomo aone, mtu mzima mimi. Nikakatwa, nikapona. Wanajumuiya walikuja tena kushukuru, ila safari hii mwenyekiti aliinama kwanza akaliangalia kovu ndipo akafumba macho. Sikumlaumu. Leso nilimpa binamu yangu, na shingo yangu sitaifunika tena.