Kiwanja cha Bi Time

Harufu ya makuti makavu yanapoungua huingia kooni kabla moshi haujaonekana. Hivyo ndivyo nilivyoujua moto wa kijijini kwetu Mbwajumali, nikiwa darasa la tatu, nimechutama nyuma ya nyumba nikimsaidia mama kupara samaki. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo unaokausha hata mate, na wakati huo nyumba zetu zote zilikuwa za udongo na makuti, paa limegusana na paa. Moto ulianzia jikoni kwa mtu, mwisho wa mtaa, mchana kweupe. Tulipotoka mbio, nyumba tatu zilikuwa zinawaka. Iliyofuata ilikuwa ya Bi Time, mjane mshona kofia, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Kisha yetu, na baada ya yetu mtaa mzima mpaka msikitini.

Baba yangu, Bwana Shee, akapiga ukelele kwamba nyumba ya Bi Time ivunjwe, moto ukose pa kushika. Wallahi nilidhani nimesikia vibaya. Huyu Bi Time ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa, na nyumba yake haikuwa na hata cheche! Alisimama mlangoni, mikono ameitanua. "Bwana Shee, moto haujafika kwangu! Mwaivunda nyumba nzima?" Baba alikuwa akitetemeka mwili mzima. "Nisamehe, Bi Time. Hapana ndia nyengine. Mtaa wote utateketea." Wanawake wakamkumbatia, wakamtoa kwa nguvu. Wanaume wakapanda na mapanga, baba akiwa wa kwanza, wakavuta paa kwa kamba na pondo za mashua, udongo ukaporomoka juu ya kitanda chake na kofia alizokuwa hajamaliza kuzishona. Makuti wakayaburura mbali. Moto ulifika pale, ukakosa cha kula, ukafa. Watu wakapiga takbiri, wakakumbatiana. Nami namwona Bi Time ameketi mchangani, ushungi umemwanguka, watu wanampita wakishangilia. Nilitaka kulia, machozi hayakutoka. Mpaka leo najiuliza ningefanya nini ningekuwa baba. Ningevunja, nadhani. Hilo nalo linanitisha.

Waliapa kumjengea kabla ya mvua. Fito zikaletwa, makuti yakashonwa. Ndipo wazee wakakutana, na mmoja wao akasema pengo lile ndilo lililotuokoa, basi libaki wazi siku zote. Bi Time apewe kiwanja kingine huko nje, karibu na mashamba. Wote wakaafiki. Baba akarudi nyumbani kutueleza, uso umemchangamka kama aliyetuletea habari njema. Jamani! Bi Time, aliyekuwa amehifadhiwa chumbani kwetu, akatoka akasimama mbele yake. "Nyumba mmeivunda. Na nti yangu pia mwaitwaa?" Kesho yake akafungasha vilivyobaki, akaenda zake Kiunga kwa bintiye Mwanaesha, aliyekuwa ameolewa huko.

Siku hizi mtaa wetu ni matofali na mabati. Moto ukizuka utaishia jikoni ulikoanzia. Kile kiwanja bado ki wazi: watoto wanachezea mpira, na kwenye harusi hufungwa turubai. Mwaka jana Mwanaesha alikuja mbele ya wazee kuomba ajenge chumba kimoja tu, kwani mamake haondoki tena kitandani na anataka afie kwao. Nikasema moyoni alhamdulillahi, sasa hakuna wa kumkatalia, sababu yenyewe haipo tena. Kumbe! Mmoja akauliza watoto watacheza wapi. Mwingine akauliza harusi zitafanyiwa wapi. Nilisimama, nikasema kwa sauti kwamba ile ni ardhi ya mtu, mwenyewe yu hai, anaitaka. Baba akanikatiza. "Kaa kitako, mwanangu. Hapa twaangalia manufaa ya watu." Mwanaesha akamgeukia. "Ami Shee, kwani mamangu si mtu?" Wazee wakahamia shauri jingine. Nami nilibaki nimemkodolea macho baba yangu mzazi. Siku ya moto alilipanda lile paa akitetemeka na kuomba msamaha. Safari hii alisema maneno yake ameketi, kikombe cha kahawa mkononi, wala hakukiweka chini.